Birika la Marehemu

Jumapili, 3 Machi

Mvua imeanza leo na imeniletea mgeni. Binti wa mume wangu amefika mchana na mizigo yake, ameloa mpaka kwenye kope. Upepo wa jana uling'oa paa la nyumba aliyopanga, na mwenye nyumba anasema hapandishi fundi juu mpaka mvua zikatike. Kwa hiyo tutakuwa naye msimu mzima.

Nilimpa taulo. Hakusema asante. Alisimama katikati ya jiko langu, maji yakimchuruzika sakafuni, akatazama rafu, akatazama meko, ndipo akafungua kinywa.

"Birika la mama liko wapi?"

Si salamu, si pole na kazi. Nikamwambia liko juu ya kabati, ndani ya foronya.

"Foronya," akasema. Akamgeukia baba yake. "Baba, birika la mama limetiwa kwenye foronya."

Mume wangu akasema mvua ya leo ni kubwa.

Jumatatu, 4 Machi

Mashuka ya nyumba ya wageni hayajakauka. Yananuka.

Jumatano, 6 Machi

Naandika hapa dukani, maana nyumbani kuna macho. Mimi ni dobi. Msimu wa mvua ni adui yangu wa kila mwaka, nimemzoea. Huyu mwingine sijamzoea. Nimempa jina la Mkaguzi. Ni mwalimu, ana miaka minane tu chini yangu, na akipita kwenye kabati anaburuta kidole kisha anakitazama. Mtoto wa mume anapaswa kuniita mama mdogo. Yeye ananiita "wewe".

Sasa habari ya birika. Ni la chuma cha kusubu, kile cha kuyeyushwa na kumiminwa, jeusi, lenye tumbo la duara na mdomo mrefu uliopinda. Bibi yake mzaa mama alikuwa nalo, na kabla yake mama wa bibi huyo, na nyuma ya hapo hakuna ajuaye. Likiwa tupu linanilemea. Likijaa ni kama kumbeba mtoto asiyetaka kubebwa. Nilipoolewa humu marehemu alikuwa amezikwa zamani, ila birika lake lilikuwa bado jikoni, na nilichemshia chai humo bila kulalamika.

Halafu Januari ya mwaka huu mume wangu alikuwa anajimiminia, mkono ukaruka. Hakujikwaa, hakusukumwa. Mkono uliruka wenyewe, maji ya moto yakamwagika pajani. Nilimkuta amekaa sakafuni, ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto kama aliyekamata mwizi, na ule mkono unatetemeka. Akaniambia ulikuwa umeanza kitambo.

"Usimwambie mtu," akasema. "Hata mwanangu. Mimi ni fundi saa. Nani atamletea saa mtu wa mikono hii?"

Nikaahidi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba niliondoe birika, ninunue jepesi. Foronya ndiyo ilikuwa fikra yangu, lisipate kutu.

Jumapili, 10 Machi

Mkaguzi amepanda kwenye kiti, amelishusha. Asubuhi nzima amelisugua kwa waya wa chuma, akalipaka mafuta, akaliweka kwenye jiko na kulisogeza la kwangu pembeni kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesogeza kitu cha paka.

"Chai ya chuma ina uzito wake mdomoni," akasema. "Hiyo ya bati ni maji yaliyopakwa rangi."

"Basi wewe kunywa uzito," nikamwambia.

Jumanne, 12 Machi

Chai mbili mezani, ya kwake na ya kwangu. Mzee amekunywa zote mbili ili kusiwe na maneno. Amekwenda chooni mpaka saa ya kufungua duka ikampita.

Jumapili, 17 Machi

Mvua bila kupumua. Leo amekuja wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Nilijua ameitwa kabla hajafunga mwavuli. Aliketi kwenye kiti cha mume wangu, akavuta pumzi, akaanza kwa mbali, na habari za ndoa na subira, mpaka akafika anapopataka.

"Wifi, marehemu hashindwi," akasema. "Unaweza kulala kitandani mwake, unaweza kupika jikoni mwake, lakini vitu vyake ukivificha watu wanauliza una nini moyoni."

"Sikukificha kitu. Kilikuwa kizito."

"Kizito," Mkaguzi akarudia kutoka dirishani. "Mtu anayenyanyua pasi ya makaa kutwa nzima."

Hapo nilishikwa, maana ni kweli. Nikamtazama mume wangu. Ilikuwa inatosha aseme "mimi ndiye niliyemwambia." Maneno machache tu, asingehitaji hata kueleza. Mikono yake ilikuwa chini ya meza. Akasema, "Jamani, tusigombane kwa ajili ya chombo."

Tusigombane. Mimi na nani? Nimekaa peke yangu upande wangu.

Alhamisi, 21 Machi

Nilimpelekea mwavuli kazini. Kibanda chake kilikuwa kimefungwa nusu mchana kweupe. Nikainama, nikaingia. Alikuwa na lenzi jichoni na kibano mkononi, saa ya kike mbele yake imefunguliwa mgongo. Kibano kilikuwa kinagonga ukingo wa saa, tik tik tik, kwa kasi kuliko hata saa zenyewe ukutani. Kwenye sanduku la pembeni kulikuwa na saa za watu zimerundikwa, kila moja na karatasi yake.

"Wenye hizi umewaambia nini?" nikamuuliza.

"Wateja nawaambia kuna vipuri nasubiri."

"Twende kwa daktari."

"Daktari ataniambia niache kazi. Hilo hata mimi najua kujiambia."

Nilimwonea huruma. Naandika ili nisije nikasahau kwamba niliwahi.

Jumanne, 26 Machi

Leo nimefanya la kitoto. Mnunuzi wa chuma chakavu amepita na mkokoteni, nami nikamwita kwa sauti, nikijua nani yuko chumbani. Nikamuuliza kama birika kama lile angelichukua. Akalipima mkononi, akaligonga kwa kucha, akasema chuma hiki ni kigumu lakini kikianguka kinapasuka kama chungu, ila yeye anachukua hata vipande.

Mkaguzi alitoka hana viatu. Hakunipigia kelele. Alilichukua birika mikononi mwa yule mtu, akalikumbatia na masizi yake yote kwenye blauzi nyeupe, akaingia nalo chumbani. Tangu hapo hazungumzi nami. Anamwambia ukuta, "Kuna mtu kaacha maji yanachuruzika." Mimi naujibu ukuta huohuo.

Ile blauzi nimeifua mimi. Masizi hayakutoka.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Ukuta una mazungumzo mengi kuliko mume wangu.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimefungua duka lakini sijawasha pasi. Nataka niandike ya jana kama yalivyokuwa, kabla hayajaanza kubadilika kichwani mwangu kama yalivyokwisha kubadilika kwenye vinywa vya watu.

Tulikuwa wanne mezani, alasiri. Wifi alikuja na mkate, Mkaguzi akachemsha chai kwenye birika la mama yake, akalileta mezani limejaa, mvuke unatoka mdomoni. Akaliweka mbele ya baba yake.

"Baba, mimina wewe. Zamani ulikuwa unammiminia mama."

Nikainuka. "Nimimine mimi."

"Kaa," akaniambia. Ni neno lake la kwanza kwangu tangu siku ya mkokoteni. "Umemimina za kutosha. Hii si yako."

Nikamtazama mume wangu. Angeweza kusema hana hamu ya chai. Angeweza kusema mkono unamuuma kwa baridi, wazee wote wanaumwa na baridi. Alitoa mikono mifukoni, akaiweka magotini, akanyoosha mgongo, na nikaona usoni mwake kwamba atajaribu, kwa sababu binti yake anamtazama.

Na mimi nikakaa. Nilijua, na nilikaa. Sehemu ndogo ilikuwa ahadi. Sehemu kubwa ilikuwa hasira. Nilitaka huyu Mkaguzi akague kwa macho yake mwenyewe.

Wifi alikuwa amekwenda kufunga dirisha, mvua ilikuwa inapiga ndani. Mume wangu akanyanyua. Kikombe cha kwanza kilijaa vizuri, nikadhani nimekosea. Alipolipeleka kwa binti yake mkono ukaruka. Mdomo wa birika uligonga kikombe, mfuniko ukatoka, na chai yote ikamwagikia mkono wa kulia wa yule msichana, kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Birika likaanguka kwenye saruji. Mdomo wake ulikatika pale pale, ukaviringika mpaka mlangoni.

Sikumbuki kuzunguka meza. Nakumbuka nimemshika, nimempeleka chini ya mfereji wa paa nje, mkono wake kwenye maji ya mvua, nami nachana mshono wa mkono wa blauzi kabla kitambaa hakijagandana na ngozi. Alikuwa ananipiga mabegani kwa mkono mzima. Sikumwachia. Kazi yangu ni pasi. Nimeungua mara nyingi kuliko nilivyobusiwa.

Wifi alisimama mlangoni na mikono kichwani. "Nini? Imekuwaje?"

Na mume wangu, aliyekuwa bado mezani, akajibu.

"Mke wangu kanigonga kiwiko."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja siku. Mvua ilikuwa inapiga bati lakini nilisikia kila herufi. Nikageuka kumtazama. Mikono yake ilikuwa imerudi mfukoni.

Zahanati waliniuliza mimi ni nani kwa mgonjwa. Wifi akawajibu kabla yangu: "Ndiye aliyemchoma."

Jumanne, 9 Aprili

Nilikuwa nimekaa. Meza ilikuwa kati yetu. Nilikuwa nimekaa.

Ijumaa, 12 Aprili

Mwenye nyumba ya wageni ametuma mtu achukue mashuka yake yakiwa mabichi. Hakutoa sababu. Wifi yangu anajua kila nyumba ya mtaa huu, na kila nyumba inamjua.

Jumapili, 14 Aprili

Kikao. Wifi alikaa pale pale pake. Akasema hakuna anayesema nilikusudia, lakini mtu mwenye chuki mkono wake humtangulia, na kwamba ingefaa nikapumzike kwa ndugu zangu mpaka mtoto apone. Mkaguzi alikuwa amelala chumbani, mlango wazi. Hakusema lolote, hata kwa ukuta.

Nilimngoja mume wangu. Alikuwa anatazama sakafu pale birika lilipoanguka. Saruji imebanduka kidogo.

Wifi alipoondoka nikamwambia, "Sema ulichofanya."

"Nikisema, dada atauliza mkono una nini. Dada akijua, duka limekwisha."

"Na duka langu?"

"Nguo chafu zipo siku zote," akasema. "Watakurudia."

Nimekaa na sentensi hiyo siku nzima. Sijapata pa kuiweka.

Jumatano, 17 Aprili

Nafua nguo zetu wenyewe ili mikono isikae bure.

Ijumaa, 19 Aprili

Daraja limefunikwa na maji, wifi hakuweza kuvuka kuja kumbadilishia Mkaguzi bendeji. Ya jana alikuwa ameikaza mno na ilikuwa imeloa. Nilisikia harufu nikiwa ukumbini. Nikachemsha maji, nikanawa, nikaingia bila kubisha hodi.

"Sitaki mkono wako," akasema.

"Na mimi sitaki wako. Ulete hapa."

Akauleta. Niliilowesha bendeji taratibu mpaka ikaachia yenyewe, nikasafisha, malengelenge mengine yalikuwa yamepasuka. Hakulia. Alikuwa ananitazama usoni, si mkononi.

"Ulikuwa umekaa," akasema.

Sikuinua macho.

"Siku ile nilikuwa nakutazama wewe. Nilitaka nione sura yako baba akinimiminia chai ya mama. Yeye sikumtazama hata kidogo. Kwa hiyo najua. Hukuinuka mpaka nilipopiga kelele."

"Na umenyamaza mpaka leo."

"Nimenyamaza."

"Kwa nini?"

"Yule ni baba yangu. Na wewe sikupendi."

Jibu safi. Katika nyumba hii sijawahi kupewa jibu safi kama hilo. Nikaendelea kufunga.

"Kwa nini aseme uongo?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Muulize mwenyewe."

"Wewe unajua."

"Najua. Muulize mwenyewe."

Nilipofunga fundo la mwisho akasema, "Umekaza vizuri," kwa uchungu, kama mtu aliyelazimishwa kulipa.

Jumapili, 21 Aprili

Ilikuwa jana, chakula cha mchana. Watatu tu. Mkaguzi alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto, wali unamwagika, hataki kusaidiwa. Ghafla akaweka kijiko chini.

"Baba, weka mikono mezani."

"Nini tena?"

"Mikono. Yote miwili."

Mume wangu akacheka kidogo. Akanitazama, akamtazama binti yake, ambaye uso wake ulikuwa uleule anaowafanyia wanafunzi wake, nadhani. Akauweka wa kushoto. Baada ya muda akauweka wa kulia. Ulianza polepole, kisha kijiko kilichokuwa karibu nao kikaanza kulia kwenye sahani, na hakuna aliyekiondoa.

"Tangu lini?" Mkaguzi akauliza.

Badala ya kumjibu akanigeukia mimi. "Umemwambia."

"Hajaniambia," Mkaguzi akasema. "Nilimuuliza, akakataa. Nimechomwa na bado akakataa. Tangu lini, baba?"

"Tangu mwaka jana."

"Na umenikalisha hapa siku zote hizi namwona huyu ndiye shetani."

Nilidhani sasa atasema. Si lazima samahani, hata jina langu lingetosha. Mume wangu aliirudisha mikono chini ya meza, akaniambia mimi, "Haya, ameona. Umefurahi?"

Nikainuka, nikaosha sahani yangu, nikaiweka mahali pake.

"Nenda kamwambie dada yako," nikasema.

"Dada ana mdomo. Mtaa mzima utajua."

"Mtaa mzima unajua mimi ndiye niliyemchoma mwanao."

Nilichukua nguo zangu na birika langu la bati. Chumba cha nyuma ya duka kina joto la pasi na dirisha moja. Kinanitosha.

Jumatano, 24 Aprili

Kuta zinatoa jasho. Nimelala vizuri.

Jumatatu, 29 Aprili

Amekuja mume wangu, akasimama nje chini ya mwavuli. Akasema nyumba haina mpangilio. Nikamuuliza kama amezungumza na dada yake. Akasema dada anaumwa magoti. Nikamwambia magoti hayazibi masikio. Akaondoka.

Jumapili, 5 Mei

Mvua imepungua, paa la Mkaguzi limeezekwa. Alipitia hapa akielekea kwake, na gari la mizigo likimngoja barabarani. Mkono umepona ila ngozi imebaki na mabaka, laini kama ya mtoto. Ameuacha wazi, bila kitambaa.

"Nimempeleka kwa daktari," akasema. "Kuna dawa za kuutuliza kidogo. Haziponyi. Kibanda atakifunga."

"Amekubali?"

"Hapana. Lakini saa za watu nimezirudisha mwenyewe, mlango kwa mlango."

Chini ya kwapa alikuwa amelibana lile birika, halina mdomo, tundu tu pale ulipokuwa. Nikalitazama.

"Fundi wa kuchomelea amesema chuma hiki hakishikiki," akasema. "Nalichukua hivyo hivyo. Halitachemsha tena kitu. Nalichukua kwa sababu wewe hulitaki."

"Ni kweli silitaki."

"Na shangazi sijamwambia. Hilo si langu kusema, ni la baba. Nimemwambia baba kwamba asiposema, asije kwangu."

Sikutarajia hilo. Mlangoni aligeuka.

"Ulijua mkono wake ulivyo, na ulikaa," akasema. "Hilo pia nililiona."

"Najua uliliona."

"Basi tusidanganyane kwamba tumekuwa ndugu."

Akapanda gari.

Alhamisi, 16 Mei

Jua. Leo watu wamejaa, kila mmoja na furushi la nguo zenye ukungu. Wengine ni walewale walionikimbia, na wananisalimia kwa bidii. Foleni ilikuwa imefika barabarani wakati mume wangu alipokuja. Alikuwa na wifi. Alikuwa amemshika mkono kwa sababu ya magoti yake, au wifi ndiye aliyemshika. Kwa mbali sikuweza kujua.

Hawakunifuata pembeni. Wateja waliwapisha mpaka kaunta. Mume wangu aliutoa mkono wa kulia mfukoni, akaulaza juu ya kaunta mbele ya watu wote, ukaanza mambo yake. Watu wakautazama. Aliwaacha wautazame.

"Dada," akasema, "mke wangu hakunigusa siku ile. Alikuwa amekaa kwenye kiti. Mkono wangu ndio huu. Nilimsingizia kwa sababu niliona aibu."

Wifi alikuwa hajajua. Niliona taarifa ikimfika, ikimpanda polepole, na akawatazama wale wateja mmoja mmoja, maana karibu wote alikuwa amewasimulia yeye.

"Kwa hiyo nimetangaza uongo," akasema.

"Ndiyo, wifi," nikamwambia.

Akakaa kwenye benchi bila kuambiwa.

Mume wangu hakuondoka. Ndipo nikaona kwamba amevaa peke yake: shati limekaa upande, kola wazi, kifua kinaonekana. Nilingoja aombe nirudi, na jibu nilikuwa nalo tayari mdomoni, la hapana, limenolewa tangu mwezi uliopita.

"Nifunge vifungo," akasema. Hakupunguza sauti. "Siwezi tena."

Nikazunguka kaunta. Nikavifungua vyote, nikaanza upya kutoka chini, kimoja kimoja, na watu wamesimama. Alinuka sabuni aliyoisuuza vibaya. Nilipofika cha juu akainua kidevu, nikakifunga.

"Sijasema narudi," nikamwambia.

"Sikuuliza."

Nikarudi nyuma ya kaunta, nikamwita aliyefuata.